Miezi ya Baridi Nairobi

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kwa hiyo tangu Juni hadi Agosti sisi wa Jamhuri hujikunyata nyumbani. Ya nini? Tandikeni mkeka, wekeni maua mezani, waalikeni majirani kwa chai ya tangawizi. Jua likichungulia, wapelekeni watoto Arboretum, bustani iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ikuayo upesi, itoe kuni za gari la moshi.

Lakini jioni, wageni wakijaa, msiwafungie madirisha pamoja na jiko. Makaa, hata yakiisha moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia tu, asiamke. Jiko na likae nje. Wakilalamika baridi, wapeni mablanketi.