Gurudumu linalolia linaomba msaada
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Baraka)



Leo sikuja na karatasi ya kujiandikisha. Nimekuja na hii rulema iliyokufa. Wenye walitoka Nyarugusu wanaijua kwa jina la beringi. Hapa fundi anaiita rulema. Pitisheni mkononi, kila mmoja aizungushe. Munasikia? Inakwaruza kama mchanga katika meno. Ni hii ilisimamisha pusupusu yetu wiki mbili, na wamama wakarudi kubeba mihogo kwa mgongo.

Nianze na kosa letu. Siku shirika letu lilileta pusupusu, sisi watu wa ofisi tulipiga picha, tukaenda. Hatukuacha ufunguo, hatukuuliza nani atasikiliza magurudumu. Lakini na ninyi, tuambiane ukweli: gurudumu lililia mwezi muzima. Kila mtu alisikia. Kila mtu alisema, "Ule atachukua kesho atatengeneza." Mpaka rulema ikapasuka, gololi zikatawanyika barabarani, na chuma cha katikati kikalika. Kitu cha bei ndogo kimeharibu kitu cha bei kubwa.

Basi, kazi tuliyofanya Jumamosi pamoja na vijana ni hii.

Kwanza, kupima. Inua gurudumu, ulizungushe kwa mkono, usikilize. Kisha lishike juu na chini, ulitikise. Likikwaruza ama likicheza, rulema zimechoka.

Pili, namba. Usiende sokoni kusema tu, "Nipe rulema ya pusupusu." Soma pembeni mwake. Yetu imeandikwa 6204: tundu milimita 20, upana wa nje 47, unene 14. Namba ikifutika, beba ile ya zamani wapime. Omba yenye 2RS, ni kusema iko na mpira pande zote mbili. Hapa kando ya ziwa, adui ni mchanga na maji. Na hiyo mpya usiioshe na petroli. Utaharibu grisi ya ndani.

Tatu, kuondoa na kuweka. Toa ya zamani kwa kuigonga kutoka upande wa pili, kidogo kidogo, ukizunguka. Pangusa kitovu cha gurudumu mpaka kiwe safi. Sasa angalieni, ni hapa wengi wanaharibu: wanaingiza mpya kwa kugonga pete ya ndani. Nguvu inapita kwenye gololi, na rulema inaumia mbele ya kuanza kazi. Gonga pete ya nje tu, na kipande cha bomba kinacholingana nayo. Kila gurudumu liko na mbili. Badilisha zote mbili. Ukifunga nati, usikaze mpaka gurudumu likatae kuzunguka.

Wandugu, mradi wetu unaisha. Mimi nitaondoka, pusupusu itabaki, na hakuna gari ya shirika itakayoleta ingine. Naomba komite mambo matatu: rulema mbili za akiba zikae katika sanduku pamoja na ufunguo, kila wiki kuwe na mtu mumoja, kwa jina lake, wa kupima magurudumu, na mwenye kusikia kilio aseme siku ile ile, hata kama si zamu yake.

Sasa vijana waje, tufungue gurudumu la pili pamoja.