Watundu wa Maudlin Street

Mwaka 1959 ilitoka nchini Uingereza filamu ya vichekesho iitwayo Carry On Teacher, ya tatu katika mfululizo wa Carry On ulioanza mwaka mmoja kabla. Iliongozwa na Gerald Thomas. Mfululizo huo haukutafuta heshima: watu huanguka, nguo huchanika, na maneno hubeba maana mbili.

Kaimu mwalimu mkuu William Wakefield, anayeigizwa na Ted Ray, ametumikia shule ya Maudlin Street kwa miaka 20. Sasa anaomba kazi katika shule mpya, karibu na alikozaliwa, na wakaguzi wako njiani. Mwanafunzi Robin Stevens anasikia habari hizo na kuwapasha wenzake. Wanaafikiana kuuharibu ukaguzi ili mzee asiipate kazi hiyo.

Hapo ndipo vioja vinapoanza. Chai ya walimu inatiwa pombe, na unga wa kuwasha unawafanya watu wazima wajikune mbele ya wageni. Aliyewahi kuguswa na upupu hahitaji kuelezwa zaidi. Mahaba ya walimu na wakaguzi, kwa upande wake, yamepewa nafasi kubwa kuliko yanavyostahili.

Maudlin Street si shule ya wateule. Kwa utaratibu wa Uingereza wa wakati huo, watoto walipimwa wakiwa na umri wa miaka 11 hivi. Waliofaulu walikwenda shule za vipaji, na waliobaki, walio wengi, walipelekwa shule kama hii. Mwalimu aliyekaa na watoto wa namna hiyo miaka 20 hakuwa mtu wa kuachiliwa hivi hivi.

Ndani ya filamu walimu wanabishana kuhusu bakora. Bi. Short, anayeigizwa na Hattie Jacques, anaitetea. Bwana Milton wa Kenneth Williams anaipinga. Watazamaji wa mwaka 1959 walicheka wakijua kwamba bakora ilikuwa halali. Ilikoma katika shule za serikali nchini humo mwaka 1987 tu.

Siku ya mwisho ya muhula, watundu wanakamatwa wakivuruga mchezo wa kuigiza wa shule, nao wanaitwa ofisini. Wakefield anawahoji sana kabla ya kupata jibu: hawakutaka aondoke.

Kwa muda kichekesho kinanyamaza. Kisha mzee anawaambia kwamba watakutana muhula ujao.