Hedifoni za Gemu kwa Bei Nafuu: Vigezo vya Mnunuzi wa Arusha

Hedifoni za gemu zina kazi mbili: kumfikishia mchezaji sauti za mchezo, na kuwafikishia wenzake sauti yake. Kwa mchezaji wa kompyuta mwenye bajeti ndogo, awe Njiro, Sakina, Ngaramtoni au Usa River, kazi hizo ndizo zinazostahili shilingi zake. Taa za rangi na maandishi makubwa ya kwenye boksi hayaongezi usikivu wala ufasaha wa maiki, lakini yanaongeza bei.

Uchaguzi unaanzia kwenye kompyuta yenyewe. Mashine nyingi zinazopatikana Arusha kwa bei ya kumudu ni zile zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, kama HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad. Laptopi za namna hiyo kwa kawaida zina tundu moja la milimita 3.5 linalobeba sauti na maiki kwa pamoja. Kompyuta za mezani, hasa za zamani, zina matundu mawili: la kijani kwa sauti, la waridi kwa maiki.

Pini ya hedifoni ndiyo inayoonyesha kama zitapatana na kompyuta. Pini yenye mikanda mitatu myeusi imetengenezwa kwa tundu la pamoja. Ikichomekwa kwenye tundu la kijani la kompyuta ya mezani, mchezaji husikia lakini hasikiki. Dawa yake ni waya mfupi wa kugawanya, wenye tundu moja upande huu na pini mbili upande ule. Baadhi ya hedifoni huuzwa pamoja na waya huo. Mnunuzi aulize kabla ya kulipa.

Hedifoni za USB hukwepa tatizo hilo, kwa kuwa zina kadi ya sauti ndani yake. Zinafaa sana pale ambapo tundu la sauti la kompyuta limelegea au linatoa mvumo, hali ya kawaida kwa mashine iliyotumika miaka mingi. Hata hivyo, hedifoni nyingi za bei ya chini zina pini ya milimita 3.5 pamoja na waya wa USB ambao kazi yake ni kuwasha taa tu. Anayedhani amenunua hedifoni za USB anaweza kukuta bado anategemea tundu lile lile bovu.

Zisizo na waya ni za aina mbili. Zinazotumia kipokezi kidogo cha USB cha gigahezi 2.4 hufikisha sauti kwa wakati, ila bei yake iko juu. Zinazotumia Bluetooth ni nafuu zaidi, lakini sauti huchelewa, pengine kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na maiki ikifunguliwa ubora wa sauti kwa kawaida hushuka. Katika mchezo wa kulengana risasi, mlio unaochelewa hivyo humfikia mchezaji jambo likiwa limekwisha kutokea. Zaidi ya hayo, betri huchoka. Kwa bajeti ndogo, waya ndio chaguo la busara.

Kuhusu sauti, stirio nzuri inatosha. Maandishi ya 7.1 kwenye hedifoni za bei nafuu hayamaanishi kwamba kuna spika nane ndani yake. Kwa kawaida kuna spika mbili, moja kila sikio, na programu inayoigiza sauti za pande zote. Uigizaji huo unapatikana bila malipo: Windows 10 imekuwa na Windows Sonic tangu 2017, na Counter-Strike iliongezewa mfumo wake wa kutambulisha mwelekeo wa sauti mwaka 2016. Mfumo wa namna hiyo hufanya kazi kwa hedifoni za kawaida zenye masikio mawili. Vivyo hivyo, spika ya milimita 50 haina uhakika wa kuishinda ya milimita 40. Jambo linalopimika kwa sikio ni hili: je, besi inafunika nyayo za adui, au milio midogo inasikika waziwazi katikati ya milipuko?

Umbo la vikombe nalo lina uzito wake. Vikombe vilivyofungwa nyuma na vinavyozunguka sikio lote hupunguza kelele za nje, na Arusha kelele hizo zipo: bodaboda, vifodi, muziki wa jirani, na mvua ya masika juu ya bati. Vikombe vilivyo wazi nyuma hutoa sauti yenye nafasi zaidi, lakini huruhusu kelele ziingie na sauti ya mchezo itoke. Kwa chumba kinacholaliwa na zaidi ya mtu mmoja, vilivyofungwa ndivyo vinavyofaa.

Maiki huhitaji kipimo chake. Iliyo bora ni inayosikiliza upande mmoja, ule wa mdomo, na yenye mkono unaoweza kusogezwa. Mahali pake ni kando kidogo ya mdomo ili pumzi isiigonge. Namna ya kuipima ni kurekodi maneno machache kwa simu au laptopi na kuyasikiliza hapo hapo dukani. Maiki nzuri ina faida nje ya mchezo pia: mwanafunzi wa Chuo cha Uhasibu pale Njiro au wa Chuo cha Ufundi Arusha anaweza kuitumia hiyo hiyo katika masomo na mikutano ya mtandaoni.

Baada ya sauti na maiki, kinachofuata ni kichwa cha mvaaji. Hedifoni nyepesi, za gramu 300 au pungufu, hazichoshi shingo haraka. HyperX Cloud Stinger, iliyotoka mwaka 2016 kwa bei ya dola 50 hivi, ilijulikana kwa sababu hiyo: ina uzito wa gramu 275, na maiki yake hunyamaa inapoinuliwa. Mkanda usibane, na anayevaa miwani azijaribu akiwa nayo usoni. Mito ya ngozi bandia huzuia kelele vizuri lakini huchunika. Ya kitambaa hudumu na haileti joto, ila huzuia kelele kidogo. Mito inayoweza kubandulika na kubadilishwa huongeza maisha ya kifaa.

Sehemu inayokufa mapema mara nyingi ni waya, hasa unapoingilia kwenye pini au kwenye kikombe. Waya unaochomoka hubadilishwa kwa gharama ndogo. Usiochomoka humhitaji fundi wa kuufungua na kuulehemu upya.

Ununuzi wenyewe unataka utulivu. Katikati ya jiji, kuanzia Mnara wa Saa na Barabara ya Sokoine hadi mitaa ya Soko Kuu, mnunuzi anaweza kulinganisha maduka kwa miguu. Kariakoo au Nairobi, kwa kupitia Namanga, bei inaweza kuwa chini, lakini nauli na ushuru vihesabiwe, pamoja na safari ya kurudisha kifaa kikiharibika. Nembo maarufu inayouzwa kwa bei ya chini mno ni dalili ya bidhaa bandia. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inazikataza, na Tume ya Ushindani ndiyo inayozishughulikia. Risiti ya EFD ndiyo ushahidi wa mnunuzi pakitokea mgogoro, na muda wa dhamana uandikwe. Muuzaji akikataa hedifoni zijaribiwe, ni heri kwenda duka jingine.

Kigezo cha mwisho kinahusu masikio, nayo hayana spea. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa muda huo huo kwa mtoto. Kila sauti inapopanda desibeli tatu, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa tano. Ndiyo maana vikombe vinavyoziba vizuri ni kinga pia, kwa kuwa asiyesumbuliwa na kelele za nje halazimiki kupandisha sauti. Mvumo masikioni baada ya kuvua hedifoni ni onyo la kupunguza sauti na kupumzika, na usipokoma mchezaji aende hospitali kupimwa. Mzazi anayemnunulia mtoto aweke kikomo cha sauti kwenye kompyuta siku ile ile hedifoni zinapofunguliwa.