Mkono Unaoshika Kila Kamba



Hapa Ilagala, Malagarasi uingiapo ziwani, twajua msimamizi awezavyo kuwachosha wavuvi wa dagaa kuliko wavu wenyewe: kila kamba aishike yeye, kila neno liwe karipio. Musa naye aliamua kila shauri peke yake, hata mkwewe Yethro akamwonya kuwa atajichosha na kuwachosha watu. Musa akasikia, akagawa kazi (Kut 18). Mwaka 1931 Papa Pius wa XI alifundisha kuwa ni udhalimu mkubwa kumpokonya mdogo kazi aiwezayo. Basi tulio wakubwa, mtumbwini au parokiani, tuwaamini wenzetu. Nasi tunaoonewa, tusikate nyavu kwa hasira. Tumwendee faraghani, tumwambie kweli kwa heshima. Amina.