Gati la Mawe na Tanuru la Chokaa

(Maneno ya katekista siku ya Jubilei)



Siku hii ya furaha tunapenda kuwakumbusha mashahidi wawili wasio na sauti: gati la mawe pale ufukoni, na tanuru la chokaa lililo nyuma yake.

Mwajua kwamba katika nchi hizi za Tanganyika Habari Njema ilifika kwa njia ya maji. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala, alichokijenga Storms mwaka 1883. Na mwaka 1893 wakaanza misioni ya Kirungu. Reli ilifika Kalemie mwaka 1915 tu. Padri, kengele, mbegu na mgonjwa, wote walipitia ziwani. Kwa hiyo gati lilikuwa mlango wa kwanza wa kanisa letu.

Na tanuru je? Wazee walipanga mawe ya chokaa na kuni, tabaka juu ya tabaka, wakachoma mchana na usiku. Moto ukifikia digrii 900 hivi, jiwe hutoa hewa iliyomo ndani yake, likawa jepesi. Likimwagiwa maji, huchemka lenyewe na kuwa unga mweupe. Unga huo, ukichanganywa na mchanga, hushikamanisha matofali. Tena polepole hurudishiwa ile hewa na kuwa jiwe mara ya pili. Ndivyo kuta zetu zinavyosimama.

Katika kitabu cha ubatizo majina ya wazee hao yameandikwa. Jasho lao halikuandikwa.

Ndugu, tusifichane. Sisi wenyewe tulitoa mawe katika tanuru lile, tukayafanya mafiga ya jiko letu. Mama mmoja mzee akatuuliza: «Baba katekista, unapikia juu ya mgongo wa baba yangu?» Hatukuwa na jibu.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda sana likafunika gati. Maji yakitwaa, tutavumilia. Lakini mikono yetu isitwae.

Basi tunaomba mambo mawili. Kila aliye na jiwe la tanuru alirudishe. Yetu tumekwisha kuyarudisha. Na wazee wanaokumbuka majina ya wachomaji na wabebaji waje kuyataja, tuyaandike, yasomwe katika Misa ya marehemu.

Mungu awabariki.