Mtetea Mchanga: Apewe Mayai au Asipewe?

(Maneno yaliyosemwa Zinga, wilaya ya Bagamoyo, mbele ya wazee, walimu na wafuga kuku.)



Shauri nililokuja nalo ni dogo machoni, lakini katika nyumba nyingi za pwani hii ndilo shauri la chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 mpaka 15, kisha huacha akataka kulalia. Basi, ikiwa ni mtetea mchanga, na ndiyo mara yake ya kwanza, apewe mayai au asipewe?

Wako wasemao, "Asipewe kamwe, atayaharibu." Wako na wasemao, "Mwacheni, kuku hafundishwi kulalia." Kila upande una haki yake. Kulalia hakufundishwi, ni kweli. Lakini kuvumilia siku 21 si kazi ya kila mtetea. Wengine huanza kwa bidii, hata siku ya 10 au ya 15 wakainuka wasirudi. Hapo mwenyewe amepata hasara mbili: mayai yamekuwa viza, hayaliwi wala hayauzwi, na siku zote hizo kuku hakutaga.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ajaribiwe kwanza. Akianza kukoroma, kuvimbisha manyoya na kukataa kutoka kiotani, yaondoeni mayai mazuri, mkamwekee mawili au matatu yasiyo na kazi. Mtazameni siku 3. Akilala papo hapo usiku, na mchana akitoka kitambo kidogo tu kula, kunywa na kuoga vumbi, kisha akarudi mwenyewe, huyo amekubali. Akienda kulala na wenzake, au akihamahama, bado hajawa mlezi.

Aliyeshindwa asipigwe wala asichovywe majini. Awekwe siku 3 au 4 katika tenga lililoinuliwa, lenye sakafu ya fito zinazopitisha upepo tumboni, naye apewe chakula na maji kama desturi. Hamu ya kulalia itamtoka, na baada ya siku kadhaa atarudi kutaga.

Aliyeshinda apewe mayai, lakini kwa kipimo. Kuku mkubwa aliyezoea huweza kufunika 12 au 13. Huyu apewe 6 au 8 tu. Akiyaacha, hasara itakuwa nusu. Wala msimpe mayai yake ya kwanza, maana ni madogo, na vifaranga vyake hutoka vidogo. Mpeni ya kuku wakubwa wanaokaa na jogoo mwema, yasiyopita siku 7 tangu kutagwa, yasiyo na ufa. Yawekwe jioni, giza likiingia, ili apambazukiwe amekwisha kuyazoea. Na ikiwa yuko kuku mkubwa atakaye kulalia, wote wawili wawekewe mayai siku moja. Mchanga akiinuka asirudi, mayai yake yahamishiwe kwa mwenzake upesi, kabla hayajapoa.

Tena, mara nyingi twasema mtetea hana akili, kumbe anakimbia utitiri unaomnyonya damu usiku. Kiota kiwe kipya, chenye majani makavu, kinyunyizwe majivu, kikae kivulini, na maji yawe karibu. Usiku wa siku ya 7 yamulikeni mayai kwa kurunzi. Lenye mishipa kama utando wa buibui lina uhai. Lililo wazi tupu liondolewe.

Kuangua si mwisho wa kazi. Tazameni majira: vifaranga vya masika, kati ya Machi na Mei, huloa na kufa kwa baridi, bora waanguliwe mvua zikiisha. Wiki za kwanza wafunikwe tengani pamoja na mama yao, maana hapa kuna mwewe, nguchiro, na wale kunguru wa Kihindi walioletwa Unguja katika miaka ya 1890, ambao leo wameenea pwani yote.

Na adui mkubwa kuliko hao wote ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Ugonjwa huu ukiingia hausazi, wala hauna dawa. Una kinga tu. Chanjo ya I-2, itengenezwayo hapa hapa Tanzania, hutiwa tone moja jichoni mwa kuku mzima asiye mgonjwa, na hurudiwa kila miezi 3. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja. Kwa hiyo nawaomba wazee wa kijiji wapange siku moja ya chanjo kwa watu wote, maana kuku wa jirani asiyechanjwa huleta msiba mpaka uani kwako. Nanyi walimu, wafundisheni watoto kuandika siku ya kuweka mayai, hesabu yake, na vifaranga waliotoka. Kuku aliyeangua vizuri atajulikana kwa daftari, naye asichinjwe ovyo.

Wazee walisema, kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Basi mtetea mchanga naye astahimiliwe, ajaribiwe, apewe kadiri ya mbawa zake. Mwakani huenda ndiye atakayefunika mayai 13.

Maneno yangu yamekwisha. Wasalaam.