Kutoka Jahazini Hadi Kizimbani: Mwelekeo wa Biashara ya Dawa za Kulevya Katika Pwani Yetu na Tatizo la Kielelezo

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wapelelezi, wakemia na waendesha mashtaka wa mikoa ya pwani



Nimeombwa nizungumzie mwelekeo wa biashara ya dawa za kulevya na makundi ya kihalifu yaliyo nyuma yake. Nitafanya hivyo. Hata hivyo, naomba niruhusiwe kutumia sehemu kubwa ya muda wangu kwa jambo moja ambalo nimelipigania kwa miaka mingi nikiwa mwendesha mashtaka, na ambalo kila semina huliweka mwishoni, wakati watu wanafunga mikoba. Maoni haya ni yangu, si msimamo wa ofisi yoyote. Mashauri ambayo bado yako mahakamani sitayagusa.

1. Maana na sheria

Hapa hakuna asiyejua heroini, kokeini, methamfetamini, bangi au mirungi ni nini, hivyo sitapoteza muda. Inatosha kukumbushana kwamba, kwa Tanzania Bara, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya ile ya 1995 na kuanzisha Mamlaka yenye uwezo wa kupekua, kukamata na kupeleleza, uwezo ambao Tume iliyokuwepo kabla yake haikuwa nao. Zanzibar ina mamlaka yake, sheria yake na Mkurugenzi wake wa Mashtaka. Adhabu ya ulanguzi hufika kifungo cha maisha. Naomba jambo hili la adhabu likae kichwani: kadiri adhabu inavyokuwa nzito, ndivyo mahakama inavyokuwa na wajibu wa kukagua kila karatasi tunayoipeleka.

2. Mwelekeo

Heroini inayopita kwetu hutoka Afghanistan, ikapitia Iran na Pakistan hadi pwani ya Makran, ikapakiwa kwenye majahazi ya mbao yenye injini na kushuka Bahari ya Hindi. Wataalamu huiita njia ya kusini. Majahazi hayo hayapendi kusi, kwa kuwa bahari inachafuka. Kazi hushamiri kusi ikishalegea, na kaskazi ndio msimu wenyewe. Jahazi halifiki gati. Husimama mbali, boti za fiba zikaenda kupakua, na mzigo ukaingia kwa bandari bubu nyakati za usiku. Kutoka hapo sehemu kubwa huenda kwa barabara kusini mwa Afrika na kuendelea hadi Ulaya. Sehemu nyingine hubaki, kwa sababu watu wa kazi mara nyingi hulipwa kwa unga wenyewe, nao huugeuza kete na kuuza mitaani. Mateja wanaopanga foleni kliniki za methadoni, huduma iliyoanzia Muhimbili mwaka 2011, ni matokeo ya malipo hayo.

Ukubwa wa mizigo haufichiki. Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi nje ya pwani ya Mombasa. Desemba 2023, Mamlaka yetu ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, nyingine zikiwa zimefungashwa kwenye vifungashio vya kahawa na chai. Iringa haina bahari. Mzigo umeingia bara, una maghala, na una watu wa kuulinda.

Badiliko kubwa zaidi ni la aina ya dawa. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha mpopi. Kwa mujibu wa ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, eneo lililolimwa lilishuka kutoka hekta 233,000 mwaka 2022 hadi hekta 10,800 mwaka 2023. Baadhi yetu walishangilia. Lakini akiba iliyokuwa maghalani haikuchomwa, na methamfetamini inashuka kwa njia ileile, na nahodha yuleyule, mara nyingine katika jahazi lilelile. Dawa hii haihitaji shamba la mpopi.

3. Makundi

Tusitafute kundi moja kubwa lenye makao na bosi mmoja. Tulichonacho ni minyororo ya watu wanaofahamiana: mwenye fedha aliye ng'ambo, nahodha, mvuvi wa kupakua, mwenye nyumba ya kuhifadhia, dereva wa lori, wakala wa forodha, na mtu wa kupeleka fedha kwa hawala. Wengi hawajui jina la yule wa pili baada yao. Anayekamatwa, kwa kawaida, ni mvuvi, dereva au punda aliyemeza pipi uwanja wa ndege. Wale ambao mitaani wanaitwa wazungu wa unga hawashiki mzigo hata siku moja.

Mfano ulio wazi zaidi katika kumbukumbu za umma ni familia ya Akasha ya Mombasa. Baba aliuawa Amsterdam mwaka 2000, na wanawe wakaendeleza biashara. Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014 baada ya operesheni ya Wamarekani. Shauri la kuwarejesha Marekani lilivutwa nchini Kenya kwa zaidi ya miaka miwili, hadi walipopelekwa Januari 2017. Oktoba 2018 walikiri makosa mbele ya mahakama ya New York, yakiwemo ya kuwahonga maofisa. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata. Watu wengi husimulia kisa hiki kama ushujaa wa ujasusi. Mimi nakisoma kwa jicho la mwendesha mashtaka. Watu hawa waliishi miaka yote hiyo miongoni mwetu, katika ukanda wenye sheria kali, na walikubali kosa pale tu walipokutana na jalada ambalo halikuwa na tundu: mikutano iliyorekodiwa, dawa zilizokabidhiwa na kutunzwa, kila hatua na jina la aliyeifanya.

4. Kielelezo

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda.

Wakili mzuri wa mlanguzi haji mahakamani kubisha kwamba ule si unga. Anajua ni unga. Anauliza mambo mengine. Nani alikuwa na ufunguo wa chumba cha vielelezo usiku wa Jumamosi? Hati ya ukamataji inasema pakiti ngapi, na barua ya kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali inasema ngapi? Lakiri ilipigwa wapi, eneo la tukio au kituoni? Mjumbe wa shina aliyesaini kama shahidi huru alishuhudia upekuzi, au aliitwa akakuta mzigo umeshapangwa mezani? Maswali haya manne yameangusha mashauri ambayo yalikula fedha nyingi za umma na kuhatarisha maisha ya vijana wetu baharini.

Mahakama ya Rufani ilishatuambia. Katika uamuzi wa Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007 iliweka msingi kwamba lazima pawe na kumbukumbu za mfululizo zinazoonyesha kukamatwa, kutunzwa, kukabidhiwa, kuchunguzwa na kuhifadhiwa kwa kielelezo. Baadaye Mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba ushahidi wa mdomo nao unaweza kuunganisha hatua hizo. Wapo wenzetu waliolipokea jambo hili kama ruhusa ya kuacha kuandika. Naomba wasifanye hivyo. Shahidi wa mdomo hupandishwa kizimbani miaka kadhaa baada ya tukio, akiwa amehamishwa vituo, akikumbuka nusu. Na unga ni kitu kinachobadilishwa kirahisi kuliko vielelezo vingi. Mahakama inajua hilo.

Nieleze shauri moja bila kutaja mahali wala wahusika. Mzigo ulitolewa majini, mifuko imelowa. Ulipimwa usiku huohuo ukiwa na maji na vifungashio vyake. Ulipofika maabara ulipimwa mkavu, bila vifungashio. Uzito ukapishana sana. Hakuna aliyeiba hata gramu moja, na hakuna aliyeandika sentensi moja kueleza kwamba upimaji wa kwanza ulikuwa wa mzigo uliolowa. Nilisimama mbele ya Jaji kujaribu kuieleza tofauti hiyo kwa maneno yangu, na maneno ya wakili si ushahidi. Waliokuwa na mawakili wa kuwalipa walitoka. Mvuvi ambaye hakuwa na wa kumlipa alikuwa ameshakiri kosa mapema, peke yake, katika shauri lake tofauti.

Hili ndilo linaloniumiza, na naomba nilitamke bila kuzunguka. Karatasi yetu mbovu haiwaachii watu wote kwa usawa. Inamwachia mwenye fedha ya kulipia mtu wa kuisoma. Maskini anafungwa kwa kielelezo kilekile ambacho tajiri anaachiwa kwacho. Kwa namna hii sisi wenyewe, bila kuhongwa hata senti, tunaifanya kazi ambayo mlanguzi angelazimika kuhonga ili ifanyike. Na pale rushwa inapokuwepo kweli, haihitaji kuiba mzigo. Inatosha ukurasa mmoja wa rejista uachwe wazi.

Kuna mengine ya aina hiyohiyo. Hati iliyopokelewa kama kielelezo lakini haikusomwa kwa sauti mbele ya mshtakiwa huondolewa kwenye kumbukumbu, na hapo hati ya ukamataji yote hupotea kwa kosa la dakika tano. Saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa zinafahamika. Muda wa safari ya boti kutoka bahari kuu hauhesabiwi, lakini ni lazima uandikwe, na mara nyingi hauandikwi. Mabaharia wa Makran wengi huzungumza Kibaluchi. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa kwa Kiingereza cha kuokoteza, kupitia mfungwa mwingine, hayatasimama. Kisha kuna lile neno ambalo kila mahabusu analijua kwa moyo, kwamba upelelezi haujakamilika. Shauri likitajwa na kuahirishwa kwa miaka, mashahidi huru wanahama mtaa, na wengine wanafariki.

Baharini hali ni ngumu zaidi. Manowari za kimataifa zinazofanya doria hukamata, humwaga dawa baharini, na mara nyingi huwaachia mabaharia waende zao, kwa sababu Ibara ya 108 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari inazitaka nchi zishirikiane lakini haisemi wazi nani atashtaki. Shehena imepotea, ni kweli, na hilo ni jema kwa vijana wetu. Lakini kielelezo nacho kimepotea, simu za nahodha zimerudi naye, na msimu ujao anarudi. Agosti 2014, Kenya ililipua baharini meli iliyokamatwa ikiwa na mamia ya kilo za heroini, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia, wakati shauri bado lilikuwa linaendelea. Sihoji dhamira. Nasema tu kwamba kwa mtu wa mashtaka, picha iliyopigwa vizuri, sampuli iliyotunzwa na amri ya mahakama vina thamani kuliko mlipuko.

5. Mapendekezo

Mengine nimeshayagusa hapo juu, na nitayarudia kwa makusudi.

(a) Pawe na fomu moja ya mfululizo wa kielelezo, yenye namba, inayoanzia eneo la tukio na kuishia mahakamani, itumike na Mamlaka, Polisi, Forodha, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) cha Zanzibar na Mkemia Mkuu. Leo kila taasisi ina daftari lake, na wakili hupenya katikati ya madaftari.

(b) Kila mzigo upimwe mara mbili na iandikwe wazi: na vifungashio na bila vifungashio, umelowa au mkavu. Kwa bangi na mirungi mibichi iandikwe pia kwamba itapungua uzito.

(c) Lakiri ipigwe eneo la tukio, mbele ya mtuhumiwa na shahidi huru, na picha zipigwe.

(d) Shahidi huru aitwe kabla ya upekuzi. Anwani, simu na ndugu wa karibu wa shahidi huyo viandikwe, na alipwe posho yake ya mahakama kwa wakati. Wenyeviti wa mitaa wanaotusaidia wanahatarisha maisha yao, na wengi wamechoka kufuatilia nauli.

(e) Wakili wa serikali ashirikishwe tangu siku ya ukamataji, asiletewe jalada likiwa limeshaharibika.

(f) Chumba cha vielelezo kiwe na funguo mbili kwa watu wawili, na rejista ikaguliwe kila wiki na mtu wa nje ya kituo.

(g) Mizigo mikubwa iteketezwe mapema kwa amri ya mahakama, mshtakiwa akiwepo, baada ya sampuli na picha kuchukuliwa. Kuiweka miaka mingi ni kumjaribu mlinzi bila sababu.

(h) Iandaliwe orodha ya wakalimani wa Kibaluchi, Kiajemi na Kiurdu walioapishwa, wanaopatikana usiku.

(i) Tanzania Bara na Zanzibar zikubaliane kwa maandishi jinsi ya kukabidhiana watuhumiwa na vielelezo vilivyokamatwa baharini. Mipaka hii mlanguzi anaijua kuliko sisi.

(j) Nchi za ukanda zizungumze na wenye manowari ili sampuli, simu na nyaraka za jahazi zikabidhiwe, hata pale ambapo shehena inamwagwa.

(k) Kila shauri la mzigo mkubwa lifunguliwe pamoja na upelelezi wa fedha. Mwenye mzigo hagusi unga, ila fedha lazima aziguse.

(l) Vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vishirikishwe kulinda bandari bubu, na taarifa zao zipokelewe bila kuwataja.

(m) Narudia (a). Rasimu ya fomu hiyo nimeiambatisha na mada hii, kurasa mbili. Naomba, Ndugu Mwenyekiti, tusiipeleke kwenye kamati. Tuijadili leo, kipengele kwa kipengele, Mkemia akiwepo na mtunza vielelezo akiwepo, kabla ya chakula cha mchana.